Mama Sanduku hachungulii

Saa nne asubuhi, chumba cha mikutano kimejaa hadi wengine wamekaa juu ya meza. Mama Sanduku ameketi mbele, kompyuta mezani. Leo anafungua hesabu aliyoifungia kwa miaka sita.

Jina hilo la utani alipewa na wenzake, kwa kuwa data zake huzifungia kama vitu vya sandukuni. Kazi yake ni kutafuta nyutrino zenye nguvu kubwa zinatoka wapi huko angani. Ni chembe ndogo mno, zinapita ndani ya milima na ndani yetu bila kupiga hodi. Vihisi mwanga vilivyozamishwa kwenye barafu hunasa chache tu. Yeye anaishuku galaksi moja.

Ili asijidanganye, kompyuta imevuruga saa ya kunaswa kwa kila chembe, na kwa kuwa dunia huzunguka, mielekeo yote aliyokuwa akiiona ni ya uongo. Hesabu nzima ameijenga juu ya anga bandia. Anga ya kweli hufunguliwa mara moja tu, na baada ya hapo hakuna kurekebisha.

"Ukitaka sana kuona kitu, utakiona tu, hata kama hakipo," anasema.

Nyumbani mumewe humtania kwamba angekuwa yeye, angeshachungulia siku ya kwanza. Mama yake mzazi, refa mstaafu wa netiboli, kila Jumapili humuuliza kama amekipata. Hujibiwa bado.

Sasa, mbele ya wote, anabonyeza kitufe. Uwezekano kwamba ni bahati tu: mmoja kati ya mia nane. Pale kwenye galaksi yake huenda kuna kitu, lakini ugunduzi hautangazwi mpaka ufike mmoja kati ya mamilioni. Chumba kinapoa.

Jirani yake wa dawati anamnong'oneza kwamba wakiutoa ule msimu mitambo iliposumbua, mambo yatanyooka.

"Hata mimi nimeona, kaka, na roho inaniuma," anamjibu. "Lakini tulikubaliana kabla ya kufungua. Uache humohumo."

Wanaomsikia wanaanza kupiga makofi. Yeye anatoka kwenda koridoni kumpigia mama yake simu, na kumweleza yote.

"Kwa hiyo goli ulikuwa nalo mkononi, ukalikataa?" anauliza bibi huyo.

"Ndiyo, mama."

"Hapo kweli nilizaa."

Mchana huohuo anaiagiza kompyuta ivuruge chembe mpya zinazoendelea kunaswa. Zikijumlishwa na za zamani, anatumaini galaksi yake itasimama yenyewe. Itachukua miaka mingine sita, na mama yake ana themanini na moja.

"Amesema atasubiri," anasema Mama Sanduku, akifuta macho huku anacheka. "Ila nisichungulie."