Siku dizeli iliisha kwenye posho mill ya Mwirigi, Isiolo

Wakuu, salaam aleikum, na kwa wale wengine, habari zenu.

Mjukuu amenifungulia akaunti juzi, mnivumilie. Nitakayoandika niliyaona kwa macho haya haya, kabla hayajahitaji miwani.

Ilikuwa wakati wa vita vya Shifta, miaka ya sitini. Isiolo kulikuwa na kafyu, na mikutano imepigwa marufuku. Dansi nayo ikahesabiwa mkutano. Ukipatikana na gita, unabebwa na askari.

Mwenye posho mill, kile kinu cha kusaga mahindi, alikuwa Mwirigi, Mmeru mpole, hodari wa gita kuliko wa kusaga. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, na sauti.

Tukagundua kwamba injini ikinguruma, mtu aliye mlangoni hasikii kitu cha stoo. Basi Mwirigi anajaza mahindi, anaingia stoo, anapiga, naimba. Mchana kweupe, na akina mama wako foleni nje.

Mama yangu hakujua. Sisi ni Waborana, na binti kuimbia gita la mwanamume stoo ni jambo ningelielezaje?

(Lakini zile nyimbo zilikuwa tamu jamani. Sijaimba vile tena.)

Siku moja wimbo ulinoga mpaka Mwirigi akasahau kuongeza dizeli. Injini ikakohoa, ikazima. Sauti yangu ikabaki peke yake, iko juu kabisa.

Askari aliyelinda foleni akaingia na bunduki. "Nani naimba hapa?"

Mwirigi alikuwa anasukuma gita ndani ya gunia la pumba. Mimi nikajibanza nyuma ya magunia.

Mara huko nje mama mmoja akaanzisha wimbo wa kutikisa maziwa kibuyuni. Foleni nzima ikaitikia.

Askari akarudi mlangoni. Yule mama akamwambia, "Ni sisi, afande. Hii kungoja imechosha sisi." Akaendelea kuimba.

Alikuwa mama yangu.

Askari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia Mwirigi atafute dizeli.

Tulirudi nyumbani na mahindi yetu mazima, hayajasagwa. Tulipofika mlangoni, mama akanigeukia.

"Kesho ambia huyo Mmeru aangalie dizeli kabla hamjaanza."

Nililia, sifichi. Nilijifunza kwamba mzazi akinyamaza, usidhani hajui.

Posho mill sasa ni duka la simiti. Mwirigi na mama wametangulia. Ule wimbo wa maziwa nakumbuka beti mbili tu. Ya tatu sikuwahi kumuuliza mama, na inaniuma.

Wewe wa Kulamawe au Gotu, huko kwetu Isiolo, kama mama yako aliuimba, niandikie hapa hiyo ya tatu. Mjukuu atanisomea, nami nitaimba.