Mustang ya Baba Mkwe

Jamani, mdomo wangu leo umemvunja mtu moyo siku ya harusi yake.

Rafiki yangu Hamadi alikodi Mustang nyekundu ili amfurahishe baba mkwe wake, Mzee Khatibu, aliyeipenda gari hiyo tangu ujana wake, akiiona pichani tu.

Tuko nje ya nyumba ya kina bibi harusi, Walthamstow, London. Mzee anapapasa boneti.

"Ndiyo yenyewe, ile ya zamani!"

Hamadi meno yote nje.

Mimi nani aliniuliza? Nikadakia:

"Ami, hii ya juzi tu. Ya zamani ilikuwa nyembamba. Miaka ya sabini wakaifupisha, ya themanini ikawa kama boksi, mwisho wakairudishia sura ya mwanzo. Ona mlango ulivyonenepa!"

Hamadi akainamisha kichwa. Mke wangu akanifinya.

Baadaye nikamfuata mzee kumwomba radhi. Akaninong'oneza:

"Mwanangu, mimi nilijua si ya zamani tangu inakata kona. Nilikuwa namfurahisha mkwe wangu."

Sasa nimekaa ukumbini na sahani yangu ya biriani. Hamadi hata hanitazami.

Nikimwambia kuwa mzee alijua, si nitamvunja moyo mara ya pili?

Nyinyi mngefanyaje?