Wiki za Mtandaoni

Mtaala wa chuo chetu niliuandika mimi, nusu darasani, nusu mtandaoni. Wiki za mtandaoni niliziweka Julai. Kwenye kikao nilisema wanafunzi watasomea nyumbani kwa utulivu. Mmatengo mzima mimi, nilijua fika kwamba Julai nyumbani watu wanachuma kahawa. Nilitaka na mimi nikachume ya kwangu, kijijini Kitura.

Agosti aliingia ofisini mwanafunzi, binti kutoka Mpepai, huko huko Umatengo, amedisko, yaani amefeli hadi kupoteza nafasi chuoni, kwa kutofungua hata somo moja la mtandaoni.

"Shikamoo, mwalimu. Baba alisema chuo kimeturudisha nyumbani tuchume kahawa."

Nikamwambia baba yake hakuuelewa mtaala, nikatia saini barua ya kumwondoa chuoni. Kucha zangu zilikuwa bado nyeusi kwa kahawa. Aliziangalia, akapokea barua, akashukuru.