Nyanya za Sura ya Saba

Nilirudi kutoka ng'ambo na diploma ya usimamizi wa ghala, niliyoisomea jioni baada ya kazi bila kusaidiwa na mtu. Katika nyumba yangu mjini, mtaa wa Section 58, kuna rafu ya vitabu ambayo niliichora mwenyewe, fundi akafuata. Kusoma nakujua. Natazama yaliyomo, natafuta sura ninayohitaji, napiga mistari kwa kalamu nyekundu, nafunga. Kwa njia hiyo nimemaliza vitabu vingi kuliko jirani yeyote, ingawa vichache sana nimevianza.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na hufunika kila kitabu kwa karatasi ya kaki kama daftari za wanafunzi wake. Vyangu vya kazi na vyake vya hadithi vikisimama pamoja, huwezi kuvitofautisha.

Mwaka huo mama alinipa ekari moja kule kijijini kwetu Kabazi, msimu mmoja tu.

"Ukivuna, ni yako," alisema. "Ukishindwa, napanda nyasi ya ng'ombe."

Niliitaka ekari ile kuliko kitu chochote. Mtu aliyerudi bila shamba hukaribishwa kwao kama mgeni.

Nikaenda kwenye rafu. Katika kitabu kimoja cha kaki nikaona sura ya saba imeandikwa "Nyanya". Jamaa mmoja anaeleza alivyopanda wakati wa mvua kubwa, akakataa dawa ya dukani, akanyunyizia maziwa na majivu, nyanya zikawa kama ngumi. Maelezo yalikuwa matamu ajabu; mpaka harufu ya udongo ilikuwemo. Nilijiambia, hatimaye mtaalamu anayejua kuandika. Kalamu nyekundu iliisha wino.

Nilipanda ekari nzima, na nyanya zilipoanza kuzaa mama alinikuta shambani nikikoroga ndoo.

"Hayo maziwa unampelekea nani?"

"Nyanya, mama. Ni utaalamu."

"Ng'ombe akisikia atakasirika. Na mvua hii, bila dawa?"

"Mama, imeandikwa."

Aliniachia ndoo yangu. Kwa mama, kilichochapishwa hakibishiwi na mtu asiyekisoma.

Mvua ilipiga wiki tatu. Majani yakaingia madoa, kisha mashina yakawa meusi, na matunda yakaoza yakiwa mabichi. Nilimpelekea mke wangu kitabu, nikitaka anisaidie kumwandikia mwandishi barua kali.

Alifungua, akaona mistari yangu, akaketi.

"Baba watoto, hii ni riwaya."

"Ina sura ya nyanya."

"Na ya nane uliisoma?"

"Ya nane ya nini? Nilikuwa nimeshapata nilichohitaji."

Akanisomea mwanzo wa sura ya nane. Jamaa anaamka asubuhi na kukuta shamba lote limeoza, mkewe anafunga virago.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kitabu cha kazi unaingilia mlango wowote na kutoka na chombo chako. Riwaya ina mlango mmoja, ule wa mbele, na ukitoka kabla ya mwisho umebeba uongo wa mtu.

Jumamosi nilienda kumweleza mama, nikiwa na kitabu mkononi. Alisikiliza yote, miche ya nyasi tayari iko kwenye gunia.

"Kwa hiyo hata kitabuni zilioza?"

"Zilioza."

"Madoa, halafu shina jeusi?"

"Vilevile."

"Basi huyo mwandishi amewahi kulima," akasema, akanipa jembe.

Nilipanda nyasi ile kwa mistari iliyonyooka kabisa. Hakuna mtu Kabazi aliyefuata kitabu kikamilifu kama mimi: nilikifuata mpaka kwenye sura ambayo sikuisoma.