Bega la Kaka

Wiki iliyopita nilipita Biryogo, mtaa niliokulia, ndugu yangu, na kutoka uani kwa mtu nisiyemjua nikasikia harufu ya umuravumba, yale majani machungu ambayo Bibi alikuwa akiyatwanga, akiyapasha moto na kukandia mahali palipovimba. Nyumba yetu haipo tena. Nilisimama pale njiani nikinusa.

Nilipokuwa mtoto, vita vilikuwa vimeanza kaskazini, na kaka yangu alikuwa ameingizwa jeshini. Jumapili aliruhusiwa kuja kula nyumbani. Bibi alipika wali na maharage, mimi nikapewa kazi ya kumkanda bega la kulia, jeusi kama biringanya. Bunduki aliyopewa ilikuwa nyepesi na ilimpiga teke kila alipofyatua. Akazoea kufumba macho kabla risasi haijatoka, na risasi zikaenda zinakojua zenyewe. Wakubwa wake walikuwa wameshasema: mwenye shabaha ataenda mpakani, asiyekuwa nayo atabaki kambini kupika.

Bibi hakuficha furaha yake. Heri nusu shari kuliko shari kamili, alisema. Mimi wa miaka tisa ningejua wapi shari kamili? Niliona bega tu, na lilinitia uchungu.

Basi nikamwendea jirani yetu, mzee Mkongo aliyekuwa askari zamani za Wabelgiji. Nilimpelekea mandazi, nikamwomba dawa. Alitafuna kwanza, hana haraka.

"Bunduki nyepesi inapigaka teke, mwanangu," akasema. "Ile nzito inasukumaka tu, uzito wake unakula nguvu. Mwambie aombe nzito, aibane sana kwa bega."

Jumapili iliyofuata nilimnong'oneza kaka, naye akaenda akaiomba. Baada ya majuma machache bega lilikuwa safi, nami nikatembea mtaani nimevimba kichwa. Kisha kaka akaja kuaga: amepata shabaha, anapelekwa mpakani.

Bibi alimuuliza ni nani aliyemfundisha kulenga. Kaka akacheka, akaninyooshea kidole. Bibi hakunipiga. Alikaa chini jikoni, mwiko mkononi, akanitazama.

"Ungemwacha aumie, mama," akaniambia.

Kaka hakurudi, wala hatukupata barua. Mauaji ya mwaka wa tisini na nne yakamchukua Bibi, yakamchukua na yule jirani. Hakuna aliyebaki wa kuniambia kwamba nilikuwa mtoto tu. Najiambia mwenyewe, na siamini.