Mwanafunzi wa umeme na mashini yangu ya mupunga

Alifika Kabambare mwaka wa 1957, mwanafunzi kutoka Ubelgiji, kwa majuma machache tu, kujifunza namna mito yetu inavyoweza kutoa umeme. Alitaka nimupeleke kwenye maporomoko. Nikamwambia: "Bwana, tengeneza kwanza mashini yangu ya kukoboa mupunga." Magunia yalikuwa yanaanza kuota ukungu ghalani. Alikubali bila kubishana. Kila kipande alikinusa, akakifuta kwa shati lake, akakilaza juu ya mukeka. Alizungumza na chuma polepole, kwa lugha ya kwao, kama mutu anayebembeleza mbuzi. Siku moja alinionyesha kidole chenye utandu mwekundu.

"Papa, nani aliweka mawese humu?"

"Mawese si mafuta?" nikajibu.

Mama Ernestine, aliyekuwa akingoja na kikapu chake cha mupunga, akasema: "Hata mashini iko na njaa, Bwana."

Mwanafunzi hakucheka. Aliendelea kukwangua mawese yaliyoganda kwa kisu chake kidogo, siku baada ya siku. Mashini iliunguruma asubuhi ile ile lori lilipokuja kumuchukua. Alipanda na mikono myeusi, akauliza tu kama inakoboa vizuri. Inakoboa, nikamwambia. Maporomoko hakuyaona, ingawa yako karibu. Ningemupeleka mapema, mupunga wangu ungeoza.