Mpiga Kinanda Aliyetafuta Programu ya Kumsubiri

Saa nane kasoro robo mchana, joto la chumba cha kufulia nguo hospitalini limepanda mpaka kuta zinatoka jasho. Mwanamke mwenye kilemba cha kijani anavuta shuka kutoka kwenye rola za kupigia pasi. Anashika pembe mbili, mwenzake anashika mbili, wanakutana katikati, wanaachana, wanakutana tena. Midomo yake inahesabu, lakini si mashuka.

"Moja, mbili, tatu, na," anasema bila kuinua macho. "Hapo kwenye 'na' ndipo ngoma inapoingia. Imenisumbua tangu juzi."

Wenzake wanamwita Mama Kinanda. Ana miaka kumi na minne katika kazi hii, na kwa siku hupitisha mashuka yasiyopungua mia nne. Zamani, kila Jumamosi, alivua aproni na kwenda kupiga kinanda katika bendi ya harusi. Alidumu nayo miaka tisa.

Kisha, miaka mitatu iliyopita, rola zilimshika mkono wa kulia.

"Shuka lilijikunja, nikataka kulinyoosha. Ni sekunde moja tu," anasimulia. Vidole viwili, cha pete na cha mwisho, viliokolewa, ila mpaka leo havikunjiki. Vinakaa vimenyooka kama vya mtu anayeonyesha njia.

Bendi ilimngoja wiki tatu, ikatafuta mwingine. Hana kinyongo nao. "Bibi harusi hawezi kuambiwa arudi mwezi ujao," anasema.

Kinanda kikawekwa nyuma ya kabati, kikafunikwa kitambaa. Mume wake, fundi majokofu, mtu wa maneno machache, aliwahi kupendekeza kiuzwe. "Alinitazama," anakumbuka mzee huyo. "Nikaenda kuangalia jokofu la mteja."

Mambo yaligeuka mwaka jana, pale kwenye geti la hospitali. Mwalimu wa dansi wa watoto, ambaye harusi yake ilipigiwa na ile bendi, alimtambua. Alikuwa akitafuta muziki mpya wa dakika kumi na mbili kwa onyesho la wanafunzi wake, na alikuwa na wiki saba tu.

"Nilimjibu ndiyo kabla sijafikiri," anasema Mama Kinanda. "Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka vidole."

Kesho yake alimfuata fundi kompyuta wa mtaani na swali moja: mtu wa vidole vinane anawezaje kurekodi muziki wa vidole kumi? Fundi alikigeuza kinanda, akamwonyesha tundu la waya kwa nyuma.

"Humu haipiti sauti, mama," alimwambia. "Inapita taarifa. Umebonyeza noti gani, kwa nguvu kiasi gani, umeishikilia muda gani. Hiyo ndiyo midi. Kompyuta ikishaandika, noti iliyokosewa unaisogeza tu, hurudii wimbo mzima. Ila programu ya kuandikia utachagua mwenyewe. Hapo kila mtu na yake."

Kompyuta aliyokuwa nayo ilikuwa kuukuu, ya kununua mkononi kwa mtu. Studio ilikuwa pembe ya chumba cha kulala: meza moja, kinanda, spika mbili, na godoro la zamani lililosimamishwa ukutani kuzuia kelele za jirani. Hapo ndipo safari ilipoanza.

Programu ya kwanza aliletewa na shemeji yake, mdogo wa mume wake, mpiga picha za harusi anayejua kila kilicho kipya. Ilikuwa nzuri kwa macho, imejaa rangi. Mama Kinanda aliifanyia kazi siku mbili za mapumziko, akaandika vipande vifupi ishirini na vinne vya mwanzo wa wimbo. Alipotaka kuihifadhi, kioo cha kompyuta kikamwambia kuwa hii ni ya majaribio, haihifadhi kitu mpaka alipie kila mwezi.

"Nilikaa nikaitazama," anasema. "Sikulia. Nilifunga kompyuta nikaenda kumenya viazi, na viazi siku hiyo vilimenywa kweli kweli."

Ya pili ilikuwa ya bure, lakini nzito kwa ile kompyuta. Alibonyeza, akasubiri, ndipo sauti ikaja. Kwa mpiga kinanda, kuchelewa hata kidogo ni sawa na kuongea na mtu anayekukatiza kila neno. Aliivumilia siku nne, akaifuta.

Wiki tano zilikuwa zimebaki. Shemeji akamshauri atumie midundo iliyokwisha tengenezwa, aibandikebandike, amalize.

"Shemeji, mimi sijaombwa kubandika," alimjibu. "Nimeombwa kutunga."

Safari hii hakuuliza mtu programu ipi ni nzuri. Alichukua daftari, akaandika mahitaji yake mwenyewe: iwe nyepesi, ihifadhi, isinyooshe noti zangu zifuate mdundo bila ruhusa, na initunzie nafasi nikiwa polepole. Akarudi kwa fundi na daftari mkononi. Fundi alisoma, akacheka kidogo, akamwekea programu ya kijivu isiyo na pambo lolote.

"Hiyo ni ya wazee," shemeji alisema alipoiona.

"Basi tumekutana," akajibu.

Programu ile ilikuwa na njia mbili zilizomfaa. Kwa njia ya kwanza, aliweza kurekodi kwa mwendo wa mapigo sitini kwa dakika, mkono mmoja mmoja, kisha kuucheza wimbo kwa mia moja na kumi na mbili bila sauti kubadilika. Ya pili ndiyo iliyomkamata moyo: unabonyeza noti moja, inaandikwa, halafu programu inakaa kimya mpaka ubonyeze nyingine.

"Inanisubiri," anasema, na sauti yake inashuka. "Naweza kwenda kuepua sufuria, nikirudi naikuta palepale. Haijachukua mtu mwingine."

Kila alasiri baada ya zamu alikaa saa mbili. Wiki ya sita ilipoisha, mwalimu wa dansi alikuja, akaketi ukingoni mwa kitanda, akasikiliza dakika zote kumi na mbili huku mguu wake ukigusa sakafu.

"Sehemu ya pili," alisema hatimaye, "watoto wa miaka saba hawataiweza kwa kasi hii. Najua ni kazi kubwa kurekodi upya."

Mama Kinanda alibadilisha namba ya mwendo kwenye kioo. Sehemu ya pili ikaanza tena, taratibu zaidi, kila noti mahali pake. Mwalimu aliutazama mkono ule wenye vidole vilivyonyooka, kisha kioo, kisha mkono tena. Aliomba aisikie tangu mwanzo.

Siku ya onyesho, mtunzi alikaa safu ya tatu kati ya mumewe na shemeji. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia muziki wake ukichezwa huku mikono yake imetulia mapajani. "Sikujua niifanyie nini," anakiri. "Mwishowe nikapiga makofi kama watu wengine."

Mwalimu amekwisha omba muziki wa onyesho la mwaka huu. Lakini kinachomharakisha Mama Kinanda kutoka kazini leo si hicho. Anakaa mezani, anafungua wimbo mwingine ambao hakuna aliyeuagiza, na noti zinajipanga kwenye kioo safu juu ya safu.

"Zamani nilitunga kile ambacho vidole vyangu viliweza kupiga. Vikigoma, wimbo uliishia hapo," anasema akiweka waya sawa. "Huu hauwezi kupigwa na mtu mmoja, hata mwenye vidole vyake vyote. Ukiuhesabu vizuri, una mikono mitatu. Kabla ya mwaka kuisha nataka niuongezee wa nne."